Majibu kwa wanaoidharau konsoli

Karibu kila anayejifunza Python huanzia mahali pamoja. Anaandika neno python kwenye teminali, mishale mitatu inatokea, anaandika 2 + 3, anajibiwa 5. Hiyo ndiyo konsoli: inasoma mstari, inautekeleza, inachapa jibu, kisha inasubiri mstari mwingine. Wiki chache baadaye mwalimu humwambia aachane nayo, ahamie kwenye faili kama wanavyofanya watu wa kazi. Ushauri huo, pamoja na madai mengine yanayosikika madarasani na kwenye ofisi za programu, umewanyima watu wengi chombo kizuri kuliko vyote cha kuongezea programu kipengele kipya na kukijaribu papo hapo. Nayajibu madai hayo hapa. Penye ukweli nitaukubali, kwa sababu baadhi yake yana ukweli mzito.

Dai linalosikika zaidi ni kwamba konsoli ni ya wanaoanza. Anayesema hivyo hajui ilikotoka. Zamani mtu aliyetaka kuendesha programu alitoboa kadi, akazikabidhi kwa waendesha mashine, akasubiri saa kadhaa au hata siku nzima ili aambiwe kwamba alisahau koma. Mwaka 1964, L. Peter Deutsch, kijana ambaye hata ishirini hajafika, alieleza kwa maandishi toleo la lugha ya Lisp alilolitengeneza kwa kompyuta ya PDP-1 huko MIT. Mtumiaji wake aliandika na kujibiwa palepale. Watu waliokuwa wakifanya kazi kwa namna hiyo MIT walikuwa watafiti, na swali lao lilikuwa iwapo mashine inaweza kufikiri. Miaka 37 baadaye, Fernando Pérez, mwanafunzi wa shahada ya juu ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Colorado, aliona konsoli ya Python haimtoshi kwa kazi yake ya hesabu. Akaandika skripti ya mistari 259 kuiongezea alichokihitaji. Skripti hiyo ikakua ikawa IPython, na IPython ikazaa Jupyter, ambayo leo iko kwenye maabara za sayansi duniani kote.

Kuna pia kisa cha chombo cha anga cha NASA kiitwacho Deep Space 1. Mwezi Mei 1999 chombo hicho kilikabidhiwa kwa muda kwa programu ya kujiongoza iliyoandikwa kwa Lisp. Programu ikakwama: sehemu zake mbili zilikuwa zikisubiriana, kasoro ambayo majaribio yote ya duniani hayakuifichua. Ron Garret, mmoja wa wahandisi waliohusika na mradi huo, ameandika kwamba konsoli ya Lisp iliyokuwa hai ndani ya chombo, mamilioni ya kilomita kutoka hapa, ilisaidia mno kulipata tatizo. Kama konsoli ni kichezeo cha wanaoanza, basi wale nao walikuwa wanaanza.

Dai la pili lina uzito zaidi: majaribio ya konsoli si majaribio, kwa sababu ukifunga dirisha yote yanapotea. Nitalijibu kwa mfano wa kitu tunachokitumia kila siku, yaani saa. Simu inasema 13, sisi tunasema saa saba mchana. Tuseme unataka kuongeza kwenye programu ya ratiba ya mabasi kipengele cha kuonyesha saa ya Kiswahili. Unatoa sita, unabaki ndani ya kumi na mbili. Unafungua konsoli:

>>> def saa(h):
...     return (h - 6) % 12
...
>>> saa(7)
1
>>> saa(13)
7
>>> saa(0)
6
>>> saa(6)
0

Majibu matatu ya kwanza ni sahihi, na mtu anayeandika ndani ya faili kwa haraka angeridhika nayo. La nne linakwambia kuna saa sifuri asubuhi. Hakuna basi linaloondoka saa sifuri. Unabonyeza mshale wa juu, unaongeza maneno mawili mwishoni ili mstari usomeke return (h - 6) % 12 or 12, unauliza tena saa(6) unapata 12, unauliza saa(18) unapata 12, kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Shughuli nzima haifikii dakika moja, na kosa limekamatwa kabla halijaingia kwenye faili yoyote.

Je, kazi hiyo inapotea? Inapotea ukiipoteza mwenyewe. Tangu Python 2.1 ya mwaka 2001 kuna moduli ya doctest, iliyoandikwa na Tim Peters, ambayo imejengwa juu ya jambo hili hili. Unanakili mazungumzo yako na konsoli kama yalivyo, mishale na majibu yake, unayabandika ndani ya maelezo yaliyo mwanzoni mwa funksheni. Kisha unaandika python -m doctest ratiba.py. Python inapitia kila mstari wenye mishale, inauendesha upya, inalinganisha jibu na lile ulilolibandika. Yakilingana yote inanyamaza. Likitofautiana moja inakuonyesha ilitarajia nini na imepata nini. Atakayekuja mwakani akaliondoa lile or 12 kwa kudhani ni urembo, saa(6) itamkamata. Kwa hiyo jaribio ulilolifanya kwa mkono limegeuka kuwa mlinzi wa kudumu, bila kuandika kitu kipya. Ukitumia IPython, amri ya %history inakurudishia yote uliyoandika na %save inayaweka kwenye faili. Hata konsoli ya kawaida ya Python huhifadhi historia ya mistari yako hadi kesho yake. Vifaa vipo, ila havifundishwi.

Sasa dai gumu. Wapo wanaosema konsoli inadanganya: inakumbuka mambo ambayo wewe umeshayasahau, hivyo jibu linalotoka leo halitatoka kesho kwenye mashine nyingine. Hili ni kweli, na ningependa watetezi wa konsoli waache kulikwepa. Umeita import ratiba, ukarekebisha faili, ukaita import ratiba tena. Unadhani unajaribu msimbo mpya. Hujaribu. Python ilishaiweka moduli kwenye orodha yake ya sys.modules mara ya kwanza, na import ya pili inakupa ile ile ya zamani bila kukuonya. Unajifunza importlib.reload, unashangilia, halafu unakuta jina ulilolileta kwa from ratiba import saa bado linaelekeza kwenye funksheni ya zamani, na vitu ulivyoviunda kwa klasi ya zamani vinaendelea na tabia za zamani. Mtu anaweza kukaa asubuhi nzima akitafuta kasoro ambayo alishaiondoa.

Kwenye daftari za Jupyter, ambazo ni konsoli iliyovalishwa kurasa, madhara yamepimwa. Mwaka 2019 watafiti wanne, João Felipe Pimentel na wenzake, walichunguza takriban daftari milioni 1.4 zilizowekwa GitHub. Kati ya zile ambazo mpangilio wa kuziendesha ulieleweka, takriban robo tu ziliendeshwa hadi mwisho bila kosa, na zilizotoa matokeo yale yale zilikuwa kama asilimia 4. Mwaka mmoja kabla yao, Joel Grus alisimama kwenye mkutano wa JupyterCon wenyewe na kuwaambia wapenzi wa daftari kwa nini hazipendi, na hali hii iliyojificha ilikuwa moja ya hoja zake kuu.

Nakubali takwimu hizo. Nisichokubali ni hitimisho la kwamba konsoli iachwe. Kilichowaponza wenye daftari hizo ni kuichukulia konsoli kama ghala la kazi iliyokamilika. Konsoli ni mahali pa kuuliza swali. Ukishajibiwa, jibu linahamia kwenye faili, na konsoli inafungwa na kufunguliwa upya. Kufungua upya ndiyo dawa, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: python -i ratiba.py inaendesha faili yote kutoka mwanzo, kisha inakuacha ndani ya konsoli majina yote yakiwa mapya. Matayarisho unayoyarudia kila mara unapofungua konsoli bila faili unayaweka kwenye faili moja, na njia yake unaitaja katika kigeu cha mazingira cha PYTHONSTARTUP. Nimeona timu zikikataza konsoli kabisa kwa hofu ya hali iliyojificha, kisha watu walewale wakitapakaza print kila kona ya msimbo na kuendesha programu nzima upya ili waone thamani ya jina moja. Hiyo nayo ni konsoli, ila ni ya polepole na haina kumbukumbu hata kidogo.

Wenye Java na lugha nyingine zinazopitia kwenye kompaila huongeza kwamba mambo haya hayawahusu, kwani kompaila itawakamatia makosa. Watengenezaji wa Java wenyewe walishaliacha dai hili. Java 9, iliyotoka Septemba 2017, ilikuja na JShell, na pendekezo lililoianzisha lilisema wazi kwamba shule zilikuwa zikiihama Java kwa sababu lugha nyingine zina konsoli. Turudi kwenye saa yetu. Andika hesabu ile ile ndani ya JShell, (h - 6) % 12, kisha uliza saa(0). Jibu ni -6. Python hulipa baki alama ya namba inayogawanya, Java hulipa alama ya namba inayogawanywa, kwa hiyo saa sita usiku imegeuka kuwa hasi sita. Kompaila haikusema neno, na haikupaswa kusema, kwa kuwa aina za data zote ziko sawa. Swali moja la konsoli limefichua tofauti ambayo ingefika hadi kwa abiria, na dawa yake, Math.floorMod, unaijaribu hapo hapo.

Kuna kundi jingine ambalo halina ugomvi na matumizi ya konsoli. Linachopinga ni kuitengeneza. Linasema kuongezea konsoli vipengele ni kupaka rangi, na muda huo ungetumika kwenye lugha yenyewe. Hapa ndipo nisipoweza kunyamaza, kwa sababu nimewaona wanafunzi wakiacha kabisa kwa ajili ya vikwazo ambavyo wataalamu wanaviita vidogo.

Chukua kubandika. Katika konsoli ya Python kwa zaidi ya miaka 30, ulipobandika funksheni yenye mstari mtupu katikati, konsoli iliuona mstari ule ikadhani umemaliza. Nusu ya funksheni ilikubaliwa, nusu iliyobaki ikaleta kosa la nafasi mwanzoni mwa mstari. Mwanafunzi amenakili msimbo sahihi kutoka kwenye kitabu sahihi, na kompyuta inamwambia amekosea. Chukua kusahihisha. Ukikosea mstari wa pili wa funksheni ya mistari minane, ulilazimika kuirudisha mmoja mmoja kwa mshale wa juu, yote minane. Chukua kutoka. Aliyeandika exit alijibiwa kwa sentensi ya kumwelekeza aandike exit(). Yaani programu ilikuwa imeelewa kabisa anachotaka, ikakataa.

Python 3.13, iliyotolewa tarehe 7 Oktoba 2024, iliondoa yote matatu. Konsoli mpya inahariri funksheni nzima kama kitu kimoja, inairudisha nzima kutoka kwenye historia, ina hali ya kubandika kwa kitufe cha F3, inaonyesha makosa kwa rangi, na neno exit linatosha. Kazi ilifanywa na Pablo Galindo Salgado, Łukasz Langa na Lysandros Nikolaou, huku Dino Viehland na Anthony Shaw wakiileta kwenye Windows. Hawakuanza kutoka sifuri. Walichukua msimbo uliokuwa tayari kwenye mradi wa PyPy, ambao nao asili yake ni kazi ya Michael Hudson ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kitu kizuri kilikuwepo zaidi ya miaka 20 kikisubiri mtu wa kuamini kwamba konsoli inastahili kushughulikiwa.

Na anayedhani vipengele hivi ni rahisi aangalie hicho kidogo kuliko vyote, exit. Itakuwaje iwapo mtumiaji ameshalipa jina exit thamani yake mwenyewe? Akiliandika, anataka thamani au anataka kutoka? Watengenezaji waliamua kwamba jina la mtumiaji linashinda: amri inatumika tu pale ambapo jina hilo halimo kati ya majina aliyoyaunda. Rangi nazo zimewekewa namna ya kuzimwa, na anayetaka konsoli ya zamani anaipata kwa kuweka PYTHON_BASIC_REPL. Anayesomewa skrini na programu ya sauti, au aliye na teminali ya kizamani, hakusahauliwa. Kipengele kizuri cha konsoli huja na njia ya kukikataa.

Hapo huibuka dai la mwisho la kitaalamu: sawa, ongezeni, lakini kitu kinachosubiri vidole vya binadamu hakiwezi kujaribiwa na mashine. Kinaweza. Njia ya zamani ni teminali bandia: mfumo endeshi unaipa programu teminali isiyo na skrini, na programu nyingine inaandika upande wa pili na kusoma majibu. Don Libes alitengeneza chombo cha expect kwa kazi hiyo mwaka 1990, na bado kinatumika. Udhaifu wake ni kwamba kinategemea muda. Mashine ikiwa na kazi nyingi, jibu linachelewa, na jaribio linaanguka bila kosa lolote.

Njia bora ni kuigawa konsoli yenyewe. Sehemu moja inajua vitufe na mistari, nyingine inajua skrini na mfumo endeshi, na ya kwanza haijali ya pili ni ipi. Konsoli mpya ya Python imepangwa hivyo, kwa hiyo majaribio yake yanaweza kuweka skrini ya uongo, kuilisha matukio ya vitufe, herufi moja moja, mshale wa juu, Enter, kisha kukagua maandishi yaliyojengeka na mahali kiashiria kiliposimama. Hakuna kusubiri. Kubandika kunajaribiwa vivyo hivyo, kwa sababu teminali za kisasa hutanguliza alama maalumu kabla ya maandishi yaliyobandikwa na kuweka nyingine baada yake, na jaribio linaweza kuzituma alama hizo. JShell imegawanywa kwa mantiki hiyo hiyo: injini inayotathmini msimbo iko kando na chombo anachokigusa mtumiaji. Konsoli isiyoweza kujaribiwa na mashine imepangwa vibaya, na mpangilio unabadilishwa.

Siku hizi nasikia pia kwamba akili bandia inaandika msimbo, hivyo kukaa kwenye konsoli ni kupoteza muda. Naona ni kinyume kabisa. Msimbo ambao hukuuandika ndio unaohitaji kuulizwa maswali mengi zaidi kabla ya kuukubali, na (h - 6) % 12 ni aina hasa ya jibu linaloonekana sahihi kwa macho. Isitoshe konsoli haili bando. Mwanafunzi wa Mbeya au Kisumu mwenye simu ya Android akishapakua Termux na Python mara moja, anaendelea kujaribu mtandao ukiwa umekatika.

Limebaki dai ambalo linaniuma kuliko yote, kwa kuwa linatoka kwa watu wetu: konsoli inasema Kiingereza, kwa hiyo haitamsaidia mtoto anayefikiri kwa Kiswahili. Ni kweli ujumbe wa makosa wa Python ni wa Kiingereza. Lakini konsoli ndiyo sehemu ya lugha iliyo rahisi kuliko zote kufundishwa Kiswahili, na haihitaji ruhusa ya mtu. Weka hii kwenye faili ya PYTHONSTARTUP:

import sys
def eleza(aina, kosa, njia):
    sys.__excepthook__(aina, kosa, njia)
    if aina is NameError:
        print("Jina", kosa.name, "halijulikani. Umelitaja kabla ya kulipa thamani?")
sys.excepthook = eleza

Kuanzia hapo kila kosa linaonyeshwa kama kawaida, na likiwa la jina lisilojulikana linafuatiwa na sentensi ya Kiswahili. Ongeza maelezo ya SyntaxError, ya kugawa kwa sifuri, ya nafasi mwanzoni mwa mstari; makosa sita au saba yanabeba sehemu kubwa ya taabu ya mwezi wa kwanza. Na kijaribu kama unavyojaribu kipengele kingine chochote. Funksheni eleza inapokea vitu vitatu tu, kwa hiyo jaribio linaweza kuiita moja kwa moja, bila konsoli, likiipa NameError("halipo", name="bei") na kukagua kwamba neno bei limo kwenye sentensi iliyochapwa. Kisha ipe NameError isiyo na jina uone inavyosema: itachapa "Jina None halijulikani", na hiyo ndiyo kasoro ya kwanza ya kurekebisha kabla ya kumpa mwanafunzi.